Kiingilio

Jumamosi, adhuhuri imekwisha kuswaliwa,
nilimpeleka shangazi Mejumaa kuiona nyumba ya Bwana Miwani.
Siku hizi ina kibao, ina choo cha wageni,
ina askari wa getini mwenye kitabu cha risiti.
"Mkaazi mia mbili," akasema. "Wazee bure."
Shangazi akafundua pindo la leso, akatoa noti:
"Bure nimeingia miaka kumi na tisa. Leo nalipa."

Kijana wa kutuongoza aliitwa Nzaro,
shati lake limepigwa pasi hata mkunjo wa mkono unakata.
Hapa sebuleni, akasema. Hapa pa kuotea moto,
na dohani yake juu, ya matofali yaliyokuja kwa meli,
maana Bwana alipakumbuka kwao.
Moto! Mombasa! Mwezi wa Februari!
Wageni wawili kutoka Nakuru wakapiga picha.
"Haukuwashwa hata siku moja," shangazi akasema.
"Tulitia maua ya karatasi.
Mwaka mmoja paka alizaa humo, watoto watano,
tukawaficha hadi walipofungua mato."

Nzaro akakohoa, akaendelea.
Kengele hii ilikuwa ya kuwaita wageni kwa chai.
"Ilikuwa jina langu," shangazi akasema.
"Mlio mmoja, Mejumaa. Miwili, Baya wa jikoni.
Mitatu, mbwa."

Hakuzitazama picha za ukutani,
kondoo na mvua, kondoo na daraja, mvua peke yake.
Aliinama akagusa sakafu kwa kiganja,
kama anayepima homa ya mtoto.
Naye Nzaro, hakika alikuwa mwana mwema,
akafunga daftari lake, akauliza:
"Na mawaridi, bibi? Hapa wameandika palikuwa na mawaridi."
Yalikuwapo. Yalikufa kila kaskazi,
na kila mwaka yakaletwa mengine.
Bwana akalaumu chumvi, akalaumu mchwa,
akamlaumu Baya.

Wakati wa kutoka, miguu yake ilishika ndiya ya jikoni.
Nilimwita. Akasimama kizingitini,
akacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akarudi, akazunguka, akapita mlango wa mbele
polepole, kiubavu kidogo,
kama mtu anayepitisha kabati.

Hatukwenda nyumbani. "Tupite Maweni," akasema.
Tukapita nyuma ya soko la Kongowea, harufu ya vitunguu na magunia,
tukanunua viazi vya karai kwa mke wa fundi redio,
ukwaju ukatuchuruzika hadi viwikoni.
Barabara ikawa uchochoro, uchochoro ukawa ukingo,
na mbele yetu, shimo.

Sikuwahi kuliuliza shimo lile lilitoka wapi.
Nimekua nikilipita kwenda chuoni:
maji ya kijani upande mmoja,
mchicha wa mtu upande wa pili,
kuta zake zimekatwa wima, mraba juu ya mraba.
"Babangu alikata hapa," shangazi akasema, "kwa sululu,
senti kwa jiwe, na jiwe lililopasuka si jiwe."
Akanyosha kidole chenye mafuta ya viazi:
"Sebule ile tini, penye mbuzi.
Ngazi ni kule wanakofulia.
Dohani hapana, dohani ni ya kwao."

Watoto walikuwa wanacheza mpira.
Mmoja akapanda hadi tuliposimama, anahema,
kiatu kimoja cha mpira, kimoja cha shule.
"Mwatafuta nini?"
"Nyumba."
"Hapa hakuna nyumba, bibi. Ni shimo tu."
Shangazi akampa kipande cha tikiti.
"Shika. Siku ukienda, waambie wewe umeshalipiwa."

Akakigeuza mbele na nyuma, akakitia ndani ya soksi,
akateremka mbio kurudi golini,
ambako, kwa hesabu ya shangazi,
ni chumbani mwa Bwana Miwani, karibu na dirisha.